Pepeta Waliyomwagiwa Kuku

Ilianza siku ya Alhamisi, saa kumi alasiri, kwa harufu ya pepeta. Hata leo mtu akikaanga mpunga mchanga jirani na bweni letu, ule moshi wenye harufu ya majani ukinifikia, kalamu inasimama na mimi narudi Kibiti. Nina miaka tisa, nimekaa barazani na Bibi, mama yake baba.

Kinu kilikuwa kinalia kwa jirani, kwa Mama Tatu. Wanawake wa mtaa walitwanga pepeta uani kwake kwa kupokezana, michi miwili kinu kimoja, na vicheko juu yake. Bibi hakwenda hata siku moja. Alizaliwa visiwani huko Delta, mto unakoingia baharini, na alipenda kusema ukoo wao una damu ya Kiarabu, ingawa mimi nilimtazama, nikajitazama, nisiione. Mama Tatu alikuwa Mmakonde, mwenye chale za zamani mashavuni, na kwa Bibi hilo lilitosha.

"Wale si watu wa kula nao sinia moja," alikuwa akiniambia, huku akinipaka mafuta ya nazi kichwani kwa mkono laini ambao sijapata mwingine. Nikimwambia mbona Mama Tatu anasali kama sisi, ananijibu, "Kajifunzia hapa hapa."

Basi siku ile akaja Tatu mwenyewe, rafiki yangu, tulikuwa darasa moja. Alileta sahani ya pepeta iliyochanganywa na nazi na sukari. Bibi akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri, akamimina pepeta kwenye ungo na kumrudishia mtoto sahani yake. Tatu alipopinda kona, Bibi akaita kuku, akawamwagia. Mimi nikameza mate.

Kumbe Tatu alikuwa amesahau kuniuliza kama tutakwenda wote kisimani. Akarudi. Akasimama, akawatazama kuku wanavyogombania.

"Bibi, kuku wenu wanapenda pepeta, ee," akasema.

Mimi hakunitazama kabisa. Akageuka, akaenda zake. Tatu ndiye mtu pekee niliyeweza kuzungumza naye bila kuyatafuta maneno, na nilijua nimempoteza.

Kwa jirani kinu kikanyamaza. Mara Mama Tatu huyo, pumba zimemjaa mikononi.

"Bibi, naambiwa wamekula kuku."

"Mwanangu, tumbo langu hili la uzee..."

"Tumbo!" Mama Tatu akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Haya. Pepeta yangu inaumiza tumbo. Maziwa yangu mbona hayakumuumiza huyu?"

Akaninyooshea kidole, wala si kwa ukali. Kisha akaondoka.

"Bibi," nikauliza, "maziwa gani?"

Bibi akaifunga kanga yake, akaifungua, akaifunga tena.

"Ulipozaliwa, mama yako alishikwa na homa, maziwa yakakatika. Na miaka ile madukani hamna kitu, si kama sasa. Kopo la maziwa hulipati hata kwa magendo. Nikakubeba mlango hadi mlango, unalia mpaka sauti imekauka. Yeye alikuwa na Tatu, mchanga. Hakuniuliza neno. Akamlaza mwanawe mkekani, akalia Tatu, ukanyonya weye. Hivyo hivyo kila siku, mpaka mama yako akapata nguvu."

"Kwa hiyo Tatu..."

"Nduguyo. Dini ndivyo isemavyo. Na mama'ke ni mama yako wa kunyonya. Nilimkataza mama yako asikwambie."

"Sasa, mbona kuku?"

Bibi akauokota ule ungo mtupu. "Miye nimelelewa hivyo, mjukuu wangu," akasema, na machozi yakamtoka. Nikamwegemea. Sikuwa na pengine pa kuegemea.

Wakati ule nilidhani Bibi amesahau wema aliotendewa. Sasa niko sekondari, naona ni kinyume chake: alikuwa anaukumbuka kila siku. Alikwenda kumwomba mtu ambaye tangu utotoni alifundishwa kuwa yuko chini yake, naye yule mtu akampa kabla hajamaliza kuomba. Bibi hakujua aliweke wapi jambo hilo, ndiyo maana akawa analimwagia kuku.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, kabla ya shule, nilikwenda uani kwa kina Tatu. Tatu alikuwa anapiga mswaki, akanipa mgongo. Mama yake alikuwa ameinama anafagia. Kati yetu na Bibi palikuwa na ua wa makuti tu, na nilimsikia upande wa pili akimimina maji ndooni. Mimi ni yule mtoto ambaye mwalimu alikuwa akimwambia arudie jibu kila mara kwa sababu hasikiki. Nikavuta pumzi.

"Shikamoo, mama!"

Ufagio ukasimama. Upande wa pili maji yakaacha kumiminika.

Tatu akageuka, povu mdomoni. "Mama yako nani?"

"Huyu," nikasema, nikaenda nikamshika upindo wa kanga.