Mipira Inayomwangukia Mjomba

Usiku ule nililala na viatu. Si kwa ulevi, maana niko kidato cha tatu na Bibi ana pua ya mbwa wa polisi. Nililala navyo kwa sababu kuinama kufungua kamba kulinishinda. Nilijitupa kitandani kama gunia la chai mbichi linaloshushwa kiwandani. Bibi akapita mlangoni akauliza, "Tekla, hata kusali?" Nikajibu amina, nikidhani hiyo ndiyo sala yenyewe.

Niwaeleze kwanza kilichonichosha, la sivyo mtasema ndoto hii ni ya homa.

Mwaka jana alifariki Mjomba Fidelis, kitindamimba wa Bibi, dereva wa lori la chai, mtu mrefu kiasi kwamba mlango wetu ulimtia adabu kila siku. Jumapili alikuwa akicheza gofu kwenye uwanja wa mashimo tisa ulio katikati ya mashamba ya chai, na ndiye aliyenifundisha. Siku ya kuanua matanga vitu vyake viligawanywa. Mmoja akapata koti, mwingine redio, mimi nikapewa mfuko wa fimbo zake. Ndugu wengine walicheka. Mimi nililia hadi kamasi.

Shida ni kwamba Mjomba alikuwa mlingoti, na mimi ni kigoda. Fimbo zake nikizishika juu, nasimama mbali na mpira kama vile unanuka. Nikizishika chini, ule mkia unaobaki unanichoma kitovu. Kocha Amani, anayetufundisha vijana wa pale uwanjani, alishasema zikatwe. Bibi alijibu mara moja tu: "Cha marehemu hakikatwi." Na Bibi akishasema mara moja, hata paka anaacha kubishana.

Sasa wanaochagua timu ya vijana ya mkoa hawana habari ya kuja kututazama huku kwenye ukungu. Wanataka vipimo tu. Kocha akaazima kirada, kidude chenye ukubwa wa redio ndogo. Unakiweka kwenye nyasi nyuma ya mpira, unapiga, halafu simu inakwambia mpira umeruka yadi ngapi kabla ya kugusa chini. Vipimo vya kupeleka vilikuwa vichukuliwe Jumapili. Ijumaa tulijaribu, na kila nilipopiga kikasoma kifupi. Kifupi cha aibu.

"Hiki kinadanganya," nikasema. "Kimezoea kukaa ndani, kwenye vyumba vya matajiri. Huku nje upepo unakichanganya."

"Kama hesabu zinavyokuchanganya wewe," akasema Zabroni, ninayesoma naye darasa moja, ambaye Mungu alimpa mikono mirefu na mdomo wa kulingana nayo.

Kocha hakubishana. "Haya. Kesho tukipime chenyewe."

Ndugu zangu, kuipima mashine ni kazi ya mfungwa. Jumamosi nzima Zabroni alisimama kule mbele na mzigo wa vijiti. Kila mpira ulipogusa chini, alikimbia kuchomeka kijiti palepale ulipotua, si pale ulipodunda ukaenda kulala. Kisha mimi na Kocha tukavuta utepe wa kupimia mashamba, kutoka tulipopigia hadi kwenye kijiti, tukalinganisha na simu. Tulipiga upepo ukitoka mbele, tukageuka tukapiga ukitusukuma mgongoni. Alipiga Kocha, akapiga Zabroni, nikapiga mimi. Mwanzoni tuligundua kirada kimewekwa upande, ndiyo maana kilidai mipira yote inakwenda kulia, na mimi nikaruka nikiimba kama mgombea aliyepita bila kupingwa. Tukakinyoosha. Baada ya hapo kilikosea hatua moja, pengine mbili upepo ulipovuma kwa hasira. Hatua mbili hazikunifaa kitu. Nilihitaji mashine iliyolewa, na hii ilikuwa na akili timamu kuliko sisi wote watatu.

Jua lilipokuwa linazama, Kocha akakunja utepe. Hakunitazama. "Mashine haina kosa, Tekla. Zile fimbo ndizo zinazokumaliza."

Nikaenda kulala na hilo.

Nipo uwanjani, lakini uwanja ni darasa letu. Nyasi zimeota katikati ya madawati, na ukungu unatoka ubaoni. Napiga mpira, napiga mwingine, na mabega yanauma ndotoni vilevile yalivyouma mchana, jambo nililoliona ni uonevu: mtu amelala, bado anachoka. Kila mpira unaruka kidogo, unatokea dirishani, halafu nasikia kong, kama umeangukia bati.

Kong. Tena kong.

Mlango ukafunguliwa. Mjomba Fidelis akaingia ameinama, akakaa kwenye dawati la mbele, magoti yakamfika masikioni. Amevaa ile suti tuliyomzikia, na mifuko yake yote imevimba. Sikuogopa. Niliona tu kwamba amekonda. Anaanza kutoa mipira mfukoni, mmoja mmoja, anaipanga juu ya dawati taratibu ili isibingirike, na yote ni yangu, ile niliyoitia alama kwa wino mwekundu.

"Ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi, Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe ni wewe." Sauti yake ni ya mtu aliyekesha kwenye usukani. "Mipira yako yote inaishia kwangu, Tekla. Haivuki. Nikisema sasa nisinzie, kong."

"Kwani huko mmeezekewa bati?" nikauliza, maana mdomo wangu hata mbele ya marehemu haujui kukaa.

Akacheka puani, kama zamani. Kisha hata kucheka kukamchosha, akaegemeza kichwa ukutani, akafumba macho.

Ukuta ni kiti cha lori. Tunapanda mlima, yeye anaendesha bila kufumbua macho, na mimi naona ni sawa. Kuna harufu ya chai iliyochumwa sasa hivi. Huko nyuma hakuna chai, ni mipira, inagongana kila kona, na ukungu unafuta barabara mbele yetu kama mwalimu wa zamu anayefuta ubao kabla hujamaliza kunakili. Nataka kumweleza yote: kwamba vipimo ni kesho, kwamba nisipochaguliwa safari hii mwakani nitakuwa nimevuka umri wa timu ile, kwamba fimbo zake nazipenda na sizitaki. Nilijipanga vizuri, nikafungua mdomo. Likatoka hili tu:

"Mjomba, nimechoka."

"Najua," akasema. "Tumechoka wote."

Lori halipo. Tumesimama nje kwa Bibi, na mfuko wa fimbo uko begani kwangu, mzito kama ndani yake kuna mtu. Mjomba anachomoa ile fimbo ndefu kuliko zote, anaisimamisha ubavuni mwake. Inamkaa. Anaisimamisha ubavuni mwangu, anarudi nyuma, anatikisa kichwa kama fundi cherehani aliyeletewa suruali ya mtu mwingine.

"Kata," akasema.

"Bibi hataki. Anasema cha marehemu..."

"Mwambie mama asinitafute kwenye chuma." Nilidhani amemaliza. Akanirudishia fimbo, akaikamata mikono yangu yote miwili juu yake, na mikono yake haikuwa ya baridi kama watu wanavyosema. "Mwambie urefu wangu niliondoka nao."

Akageuka akapita mlangoni. Hakuinama, wala hakujigonga.

Nikaamka. Miguu imevimba ndani ya viatu, dirisha ndiyo kwanza linaanza kupauka, na jikoni Bibi anavunja kuni.

Sasa fikirieni shida yangu. Mimi ndiye yule aliyewahi kumwambia Bibi kwamba mtakatifu fulani amenitokea usingizini akanikataza kudeki. Nani anisadiki? Nilikaa kitandani nikitafuta namna ya kulisema, na uchovu ukanishauri nirudi kulala, ndoto nyingine zipo. Lakini maneno yale hayakuwa yangu nikae nayo. Nikajikokota hadi jikoni.

"Bibi, Mjomba alikuja."

Hakugeuka. "Tekla, asubuhi hii sina nguvu za utani wako."

"Alikuja, Bibi. Amechoka sana."

Mkono uliokuwa unasukuma kuni ukasimama. Nikamweleza yote, tangu bati hadi mlango, kisha nikampa yale maneno kama nilivyopewa, bila kutia chumvi, na kwangu mimi hiyo si kazi ndogo. Bibi akaninyanyua kidevu, akanichungulia pembeni ya mdomo, mahali ambapo cheko langu hujificha siku zote. Akatafuta. Hakulikuta.

Akaniachia.

"Kwangu hajaja," akasema. "Hata mara moja. Nalala mapema makusudi, nikisema huenda leo."

Chai ikafurika, ikamwagikia motoni, tukaitazama wote wawili kama vile ni ya jirani.

"Wanakata wapi?" Bibi akauliza baadaye. "Huku chini kwenye kichwa cha kupigia mpira, au juu?"

"Juu, Bibi. Kwenye mpini."

"Panaposhikwa?"

"Ndiyo. Panaposhikwa."

Akaipua sufuria kwa mikono mitupu, kama afanyavyo kila siku, akaiweka chini. Akabaki ameinama hapohapo juu ya mvuke.

"Nenda kwa Kocha sasa hivi, kabla ya misa. Akate zote." Kisha, nilipokuwa nimeshafika nje, akaniita. "Tekla. Vile vipande vya juu asitupe. Mikono yake ilikuwa hapo. Niletee."