Hatua Arobaini na Mguu wa Lenzi

Jumamosi ya pili ya Agosti 1996 tulimzika mke wangu, na jioni yake nikagundua kwamba mguu wa lenzi yangu ndefu haupo. Mambo haya mawili hayalingani, najua. Lakini la kwanza watu walinisaidia kulibeba, hata wasionijua. La pili niliachiwa peke yangu, kwa hiyo ndilo nitakaloeleza.

Nilikuwa na studio ya picha sokoni Rodi Kopany. Lenzi ndefu ni nzito, haishikiki mkononi bila kutikisika. Katikati ina pete, na chini ya pete hufungwa kipande cha chuma kinachokaa juu ya stendi. Kipande hicho ndicho mguu wa lenzi. Bila huo, picha ya mbali hutoka kama imepigwa na mtu anayekimbia nyuki.

Siku ya mazishi kwaya ilikosa mahali pa kuwekea maiki. Mtu mmoja mwenye bidii akaiona stendi yangu. Akafungua skrubu mbili za pete, akailaza lenzi kwenye ungo jikoni, akafunga maiki kwa kamba juu ya mguu uleule. Ibada ikaisha, na stendi ikaondoka na spika kwenda matanga mengine Kosele. Kwetu vifaa vya matanga havipumziki. Sufuria, viti na hema hutoka kwa marehemu huyu hadi kwa yule bila kupita kwa mwenyewe. Stendi yangu ilirudi baada ya majuma matatu, imeomboleza kuliko mimi. Mguu haukurudi. Kila niliyemuuliza aliapa kwamba aliuacha salama kwenye matanga yaliyotangulia.

Ningeweza kukaa bila huo mguu. Wateja wangu walitaka picha za kitambulisho na za harusi, ambazo hupigwa kwa karibu. Shida ilikuwa mama mkwe.

Niseme ukweli wenye aibu. Mimi, mpiga picha kwa miaka kumi na mmoja, sikuwa na picha ya mke wangu. Yeye ndiye aliyekuwa akishika kitambaa cha nyuma wateja wakikaa. Nilipopekua filamu zangu zote nilipata vidole vyake tu, pembeni mwa watu wengine. Kwenye jeneza tuliweka picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka akafanana na karani wa chifu. Lakini sura yake alikuwa ameirithi nzima kutoka kwa mama yake, kule Uriri: paji la uso, mwanya, hata namna ya kukunja mdomo akisubiri mtu amalize uongo wake. Na kaka mkubwa wa marehemu alikuwa amekwisha kusema kwamba mahindi yakivunwa atamhamishia mama Kitale. Nilitaka sura ile kabla haijaenda.

Lakini mkwe hamsogelei mama mkwe. Hampi mkono, hali mbele yake, hamkazii macho. Kwa miaka yote ya ndoa nilimjua mama yule kwa sauti na kwa kisogo. Lenzi ndefu ilikuwa ndiyo njia pekee ya kumpiga picha kwa heshima.

Nikaanza kutafuta mguu. Duka moja la Nairobi lilijibu barua yangu kwamba lenzi hiyo haitengenezwi tena, likanishauri ninunue lenzi nyingine. Nikaenda Homa Bay kwa fundi wa redio, aliyekuwa na mkebe wa vyuma vya kamera zilizokufa. Alinipangia vitatu kwenye kaunta.

"Omera, ndugu yangu, zote zinaingia," akasema.

"Hii matundu yake hayakutani na ya pete."

"Matundu si hutobolewa?"

"Na hii ni fupi. Kamera itagonga kichwa cha stendi."

"Basi piga picha polepole."

Cha tatu kilikuwa kizuri, ila tundu lake la stendi lilikuwa nyuma mno. Tuliijaribu lenzi pale pale, ikainama mbele kama mlevi anayeomba radhi. Fundi akaitazama, akasema ina adabu. Nikamwachia mkebe wake.

Huko Uriri, shemeji zangu walisikia habari na kufanya kile tunachofanya panapotokea jambo lolote: waliunda kamati. Ilikuwa na mwenyekiti, katibu, na mzee mmoja wa kulala mpaka wakati wa kupinga. Kamati iliamua mguu utengenezwe Migori, kwa fundi wa jua kali aliyewahi kuwachomea lango. Fundi yule alikata kipande cha jembe la plau, akapima pete yangu kwa kijiti cha kiberiti na kutoboa matundu mawili. Tundu la tatu hakulitoboa mpaka alipoiweka lenzi na kamera yake juu ya kidole kimoja, akatafuta mahali zinapotulia, akatia alama hapo. Mguu ulitoka mweusi, mbaya, mzito kama dhambi. Nilipoufunga, lenzi haikutikisika hata kidogo. Huo ndio niliochagua. Kumbukumbu za kamati zinasema ni wao.

Ikaja siku ya picha. Nusu ya shemeji zangu ni Waadventista, kwa hiyo Jumamosi haikuwezekana. Nusu nyingine ni Wakatoliki, Jumapili nayo ikaondoka. Tukaangukia Jumanne, ambayo haina dini.

Nilipofika bomani kwao, kamati ilikuwa uani ikibishana umbali wa heshima ni hatua ngapi. Mwenyekiti alisema thelathini zinatosha. Mzee akaamka.

"Hatua za nani?" akauliza. "Zako au za katibu? Katibu akitembea thelathini, bado yumo chumbani."

Katibu, aliyekuwa mfupi, akasema urefu wa heshima haupimwi kwa miguu ya mtu. Walikubaliana arobaini, za mzee mwenyewe, ambaye alitembea kwa mkongojo na kusimama njiani kupumzika. Hivyo nikajikuta karibu kuliko kama tungefuata thelathini za mwenyekiti. Nikasimika stendi upesi.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alimleta mama na kumkalisha kwenye kiti karibu na ghala la mahindi. Nikainama nyuma ya kamera.

Hakuna aliyekuwa amefikiria jambo hili, wala mimi. Kwa macho, mama alikuwa mbali, doa la kitenge. Ndani ya lenzi alikuwa mbele yangu kabisa. Niliona kope zake. Niliona mwanya. Kamati nzima ilisimama nyuma yangu ikilinda zile hatua arobaini, na mimi nilikuwa namkazia macho mama mkwe kuliko mkwe yeyote wa ukoo ule. Akakunja mdomo. Nikabonyeza. Nilipiga sita, na kwa kila moja mguu ule ulitulia kama ng'ombe aliyezoea kukamwa.

Kisha shemeji akaja kwangu mbio.

"Mama anauliza kama umemwona."

"Mwambie nimemwona."

Akaenda, akarudi. "Anasema, naye anataka kukuona. Nenda ukae kile kiti."

Kamati ilitazamana. Mama alikuwa ameshasimama. Yeye akapita upande wa nyumba na mimi upande wa zizi, tusikutane, nikakaa kwenye kiti chake kikiwa bado na joto. Kule mbali nilimwona akiinama kwenye kamera yangu, shemeji akimwonyesha jicho la kufumba. Aliinama muda mrefu. Sikujua niweke wapi mikono. Tangu watu waache kuleta vyakula vya matanga nilikuwa ninaishi kwa chai na mandazi, na mshipi wangu ulikuwa na tundu jipya nililolitoboa kwa msumari.

Mama akainuka, akamwambia shemeji neno, akaingia jikoni bila kugeuka.

"Mama anasema umekonda," shemeji akaniambia alipofika. "Anasema usiondoke."

Baada ya muda aliniletea kuku na kuon, yaani ugali, nyuma ya ghala ambapo mama hakuweza kuniona nikila. Nikala nikamaliza.