Walinzi Sikioni mwa Sikuzani

Fadhila, fundi cherehani wa mtaa wa Buyenzi, hakuwahi kufikiria kwamba hewa ina wenyewe. Ardhi ina wenyewe, sawa. Lakini hewa?

Binti yake Sikuzani, mwenye miaka minane, ni mzito wa kusikia. Shangazi yake aliyeko Ubelgiji alimletea kifaa kilichokwisha kutumika: mwalimu anavaa maikrofoni ndogo shingoni, na sauti yake inasafiri kwa mawimbi ya redio hadi sikioni mwa mtoto. Mwaka mzima Sikuzani alisoma kama wenzake. Fadhila alivimba kichwa, na ilikuwa haki yake.

Kisha siku moja mwalimu akauliza saba mara sita ni ngapi, naye Sikuzani akajibu bila wasiwasi, "Fungua portail, chef anaingia." Darasa zima likavunjika mbavu.

Kampuni moja ya ulinzi ilikuwa imeanza kutumia redio za mkononi kwenye masafa yale yale ya kifaa cha Sikuzani. Sauti za walinzi wa majumba ya matajiri ya Kibenga, wakiambiana wamfungulie bosi geti, zilikuwa zimeifunika ya mwalimu.

Fadhila akaenda kwenye ofisi inayogawa masafa. Bwana Pontien, ofisa wa hapo, alimpokea vizuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mtu mkorofi angalau unamtukana moyoni.

"Mama, mi nakuelewa," alisema. "Lakini wale wako na licence. Haya masafa, kule Ulaya ni ya vifaa vya masikio. Huku tulishawapa."

"Na mutoto yangu?"

"Mutafute fundi, abadilishe masafa ya kifaa."

Djibril, fundi wa simu wa mtaa wa Nyakabiga, akakifungua kifaa, akakitazama, akakifunga. Kampuni iliyokibuni ilikuwa na hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, na programu ya ndani ilifungwa kwa namba za siri walizo nazo wao tu. Aliwaandikia. Wakamjibu kwa adabu kwamba modeli hiyo hawaishughulikii tena.

"Dada Fadhila, mi siwezi," alisema, macho chini.

Kila mtu alikuwa na haki yake, na hakuna aliyekuwa na kosa. Fadhila alitamani sana kupata wa kugombana naye.

Jioni hiyo alimvua binti yake kifaa, walinzi bado wakisemeshana ndani yake, ili akizime, aache kuchekwa. Sikuzani akamshika mkono kwa nguvu.

"Apana, mama, usizime. Kama umezima, ni nani atasema na mi?"

Fadhila akakirudisha sikioni mwa mtoto, kwa mkono wake mwenyewe.