Pazia la Duka la Baba Mina

Sisi tuliokulia pembeni mwa Ushirombo kabla ya lami tulijua kushuku kabla hatujajua kusoma. Hatukufundishwa darasani. Tulifundishwa jikoni, tumekaa chini tukikatakata viazi vya kuanika michembe, huku mama na jirani yake wakiongea juu ya vichwa vyetu: yule usipokee kitu mkononi mwake, pale usipite peke yako, kwa fulani usinywe maji. Orodha ilikuwa ndefu, na kila mwaka wa njaa iliongezewa jina.

Raha zetu tulikuwa nazo. Tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu mpaka vumbi likatia weupe kope zetu. Shuleni tulikwenda na fagio mkono mmoja na kidumu cha maji mkono mwingine, na saa nne tukatafuna matobolwa, viazi vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, yaliyokuwa yakinata kwenye meno hadi kipindi cha hesabu. Wanangu nikiwasimulia hayo wananitazama kwa huruma, kisha wanakwenda kusimama mbele ya friji iliyojaa na kulalamika kwamba nyumba hii haina chakula.

Baba yangu alikuwa katekista wa kigango chetu. Padri alifika mara moja kwa mwezi, kwa hiyo Jumapili nyingine zote baba ndiye aliyeongoza ibada. Watu walimwita Mwalimu. Nyumbani tulisali kabla ya kula, kabla ya kulima na kabla ya safari. Mimi nikiwa na miaka kumi, rafiki yangu mkubwa alikuwa Mina, binti wa Mhindi mwenye duka la pekee pale senta.

Duka la Baba Mina lilinukia mafuta ya taa, sabuni ya mche na ubani. Nyuma ya kaunta kulikuwa na mlango usio na ubao, umefunikwa pazia zito la rangi ya manjano, na ubani ulitokea huko. Walikuwa Baniani, na sisi hatukujua Baniani anaabudu nini. Watoto wa darasa letu walisema nyuma ya pazia kuna joka linalonyweshwa maziwa. Watu wazima hawakusema joka, lakini walishusha sauti kila walipopita pale. Nilimuuliza Mina. Akasema, "Mle tunasali," kama anayesema mle tunaweka unga. Jibu hilo lilinitia wasiwasi kuliko joka.

Lakini nao walitushuku. Mama Mina alikuwa mpole, ila nikiomba maji alinipa kwa kikombe cha bati kilichotundikwa kwenye msumari, nje ya mlango wa uani. Mina hakukitumia kikombe hicho hata siku moja. Kilikuwa chetu sisi, watu wa nje. Nilikunywa nikiwa na kiu, na nilipokwisha kunywa nilihisi kitu kikinichoma ambacho sikuwa na jina lake.

Ukaja mwaka ambao mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Baba aliongoza novena, sala ya siku tisa, ya kuomba mvua. Bibi yangu, ambaye alibatizwa akiwa mtu mzima, alisali nasi novena yote, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kibuyu cha pombe kuwamwagia wazee waliokwisha kufa. Baba alimwona akajifanya anafunga kamba ya ndoo. Mvua haikuja. Ndipo maneno yakaanza kwenye mashine ya kusaga na kisimani kwamba mvua imefungwa, na aliyeifunga ni yule mwenye pazia, ili unga wake upate wanunuzi.

Siku zile zile akina Mina walikuwa na sikukuu yao. Nilimkuta amevaa vizuri, na katikati ya paji la uso ana kidoti chekundu. Sikuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Nikamwambia Mama Mina na mimi nataka. Alisita, akamtazama mumewe, kisha akachovya kidole kwenye kisahani cha rangi akanigusa kwenye paji. Nilirudi nyumbani kwa njia kubwa ili nionekane. Nilipofika mashineni, wanawake waliokuwa kwenye foleni walinyamaza wote kwa pamoja.

Mama alinisugua kwa sabuni, halafu kwa maji ya baraka. Baba aliketi mbele yangu.

"Ulipiga magoti?"

"Hapana, baba."

"Ulitamka neno lolote?"

"Hapana. Niliomba mwenyewe, kwa sababu ni kizuri."

Hakunipiga, ingawa nilimwona akiutazama mkono wake.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Mzee Masanja, mwenyekiti wa kigango, alisimama kabla watu hawajatoka. "Binti wa Mwalimu amepakwa damu," alisema. "Damu ya nini, sisi hatujui. Twende tukatazame nyuma ya pazia leo hii." Wanaume wakaanza kutoka nje, na baadhi walikuwa na fimbo zao za kuchungia. Kila mtu pale alijua kwamba wakiingia duka lile halitabaki na kitu, na pengine hata paa.

"Nitakwenda mimi," baba alisema. "Na Yustina atakuja nami, maana jambo limeanza kwake. Ninyi mtasubiri barabarani."

Baba Mina alikuwa amefunga milango yote isipokuwa ubao mmoja wa mlango wa mbele. Alituingiza. Mina na mama yake walikuwa wamejibanza kwenye magunia ya chumvi.

"Karibu, Mwalimu."

"Baba Mina, wale watu unawaona. Nifungulie hilo pazia nitazame, nikawaambie nilichokiona, waende makwao."

"Mle tunasali. Nimekuambia, na ningekuambia siku yoyote ungeniuliza. Lakini kukufungulia kwa sababu wale wana fimbo, siwezi."

"Ni kutazama tu."

Baba Mina alishika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili. "Kule parokiani kwenu nimewahi kuingia, kwenye msiba. Niliona kisanduku kimefungwa, mbele yake taa nyekundu, na kila anayepita anapiga goti. Nikija na watu wangu nikakwambia nifungulie nitazame, utanifungulia?"

Baba alitikisa kichwa.

"Hapana," alisema.

"Hata tukija na fimbo?"

"Hata mkija na mapanga."

Tulitoka, na baba akasimama barazani. "Ni mahali pao pa sala," aliwaambia. "Ndani sijaona. Nimeomba akanikatalia, na kwa sababu aliyonipa, hata mimi ningekataa."

"Kwa hiyo huna hakika kilichomo," akasema Mzee Masanja.

"Sina hakika. Lakini hakuna mtu atakayepita hapa kwa sababu mimi sina hakika."

Akaketi mlangoni, nami kando yake. Walitukana, wakatuita majina, wakakaa chini ya ukuta wa mashine wakitungoja tuchoke. Jua lilipokuwa kali kabisa, Mama Mina alitoka na maji. Aliyaleta kwa kile kikombe cha bati. Nilimtazama baba usoni. Alikunywa yote, akashukuru. Kufikia alasiri watu walikuwa wametawanyika.

Kabla ya Krismasi kamati ilimpa mtu mwingine ukatekista, na hakuna aliyemweleza baba kwa nini. Alihamia benchi la nyuma. Siku moja nilimuuliza kama sasa naruhusiwa kwenda kwa Mina.

"Kucheza nenda. Usipakwe tena kitu."

"Lakini uliwatetea."

"Niliwatetea watu. Dini yao siielewi, na nisichokielewa sikipendi. Ila sitasema uongo juu yao."

Mvua ilikuja baadaye, bila kutangulizwa na jambo lolote. Wakristo wakasema ni novena, bibi akasema ni wazee wake, Mzee Masanja akasema Mhindi aliogopa akaifungua. Mwaka uliofuata akina Mina walihamia Mwanza. Tuliingia mbio kuchungulia nyuma ya pazia. Tulikuta ukuta wa chokaa na alama nyeusi ya moshi wa taa, basi.

Sasa naishi Geita mjini, na mtaa wetu una vipaza sauti vinne vya dini mbalimbali vinavyoshindana. Kijana wangu wa mwisho ameona kwenye simu ibada za dunia nzima, nyingi kuliko alizoziona baba maisha yake yote, na bado anaogopa kuliko bibi. Kila wiki ananionyesha video mpya: alama hii ni ya shetani, wimbo ule una agano, chakula cha fulani kimenuiziwa. Nikimuuliza kama amewahi kumuuliza mwenye alama hiyo, ananiona nimezeeka. Watu wa kijiji chetu walikuwa wabaya vilevile, sitawadanganya vijana kwamba zamani tulipendana. Lakini zamani mwenye kukushuku ilimbidi afike mlangoni kwako, akutazame, na wewe upate nafasi ya kumuuliza swali.

Idd iliyopita, jirani yangu Mama Nasra alituletea sinia la pilau. Kijana akaninong'oneza, "Mama, usile." Nilimwambia aache upuuzi, nikaketi, nikajipakulia. Nilikula, na ilikuwa tamu. Ila kabla ya tonge la kwanza nilifanya ishara ya msalaba, na hadi leo sina hakika kama nilikuwa nashukuru au nilikuwa najikinga.