Papa Aliyebanikwa

Siku yangu ya kwanza kufundisha Biolojia, katika shule ya wazazi kule vilimani Mbinga, Mkuu wa Shule alinionyesha kabati moja akasema, "Mwalimu, hiyo ndiyo maabara." Ndani mlikuwa na chupa ya papa mdogo wa vilindi vya bahari, mwenye jicho kubwa la kuonea gizani. Alilowekwa kwenye fomalini, dawa yenye sumu ya kuzuia kuoza.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Shule mpya zilikuwa zikifunguliwa kila kona, na Mkaguzi ndiye aliyeamua ipi iruhusiwe kufanya mtihani wa Biolojia. Akikataa, wanafunzi wangu waliotaka uuguzi ndiyo basi tena. Nilikosa usingizi kwa hilo.

Wiki ya ukaguzi chupa ikapasuka, nami niko Songea. Mtunza maabara, Mama Agnela wa Lundo, kule ziwani, akafanya ambalo mtu yeyote wa ziwani angefanya akiona samaki anaharibika: akampaka chumvi, akambanika. Nilimkuta papa mweusi, mkavu, macho hayapo.

"Angalau hanuki, Mwalimu," akaniambia kwa fahari. Nilitaka kulia. Kwanza nilihakikisha hakuna aliyemwonja.

Somo lilikuwa kulinganisha mnyama na mmea, yaani papa na mosi, mimea ile laini inayotanda kwenye mawe yenye unyevu. Mosi yetu nayo ilikuwa imekauka. Mkaguzi aliketi nyuma, uso ameukunja, akamnyooshea kidole Skolastika, binti wa ziwani.

"Wewe, linganisha."

Daftarini niliwaandikia kwamba papa huyo ana jicho kubwa. Nikamwomba Mungu binti aseme ya daftarini.

Skolastika akamgeuza papa. "Shikamoo, mheshimiwa. Huyu hana macho. Amebanikwa."

Akainyunyizia mosi maji. Taratibu ikafunguka, ikawa kijani. Akamnyunyizia na papa. Tukasubiri sote, hata Mkaguzi.

"Hii imerudi," akasema. "Huyu harudi."

Mkaguzi akanigeukia. "Kote nilikopita wamenisomea daftari, Mwalimu." Kibali tukapata.

Sasa nimestaafu, naishi karibu na ziwa. Skolastika ndiye muuguzi wa zahanati yetu, na ndiye anayenipima presha. Kila nikienda anaikuta juu.

"Mwalimu, unaogopa nini lakini?"

"Nakuogopa wewe, mwanangu. Utaniambia unachokiona."