Aliyempimia Bingwa Chakula

Ingia saluni yoyote ya vinyozi Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, utakuta picha ya bondia Mukendi ukutani: mikono juu, mikanda mitatu, miwili mabegani na mmoja kiunoni. Mikanda ya madaraja matatu ya uzito, na waliokaa vitini watakuhesabia kana kwamba walipigana wao. Alianza na kilo sitini na tatu na nusu, akapanda sitini na sita na ushei, akaishia sabini na mbili na ushei. Raundi ya ngapi, ngumi ya mkono gani, nani alitolewa kwa machela. Haya, sawa. Mimi naitwa Severina, kwetu Songea, na ninakaa ghorofa ya chini ya bingwa huyo, nyuma ya barabara ya Chaussée d'Ixelles. Kati ya hao wasimuliaji sijaona hata mmoja akipanda ngazi kuja kumwosha miguu. Basi leo nasimulia mimi, na nitasimulia habari za mkewe.

Mama Berthe alizaliwa Likasi, kule Katanga. Baba yake alikuwa mpima mizigo stesheni, akamlea akimwambia kuwa mizani haina ndugu. Alikuja Brussels kusomea uuguzi, hakumaliza. Akaolewa na kijana mwembamba aliyekuwa akifagia ukumbi wa ndondi ili aruhusiwe kufanya mazoezi. Kocha alijua ngumi, chakula alikijua Berthe. Wiki sita kabla ya pambano aliiondoa sufuria kubwa, akabakiza ndogo. Bukari, ndivyo Wakatanga wanavyouita ugali, ilikuwa matonge mawili. Sombe, yaani kisamvu, haikutiwa mafuta. Siku mbili za mwisho hata maji aliyapima kwa kifuniko cha chupa, na jikoni akafunga kwa ufunguo.

Kabla ya mkanda wa pili, usiku wa kuamkia pesée, yaani kupimwa uzito, Mukendi alipiga magoti mbele ya mlango huo wa jikoni akiomba maji, analia.

"Nilimukatalia," Mama Berthe aliniambia. "Nilimuambia, Mukendi, kesho kuko pesée. Alipima, bon, uzito ulikuwa sawa, na alishinda. Donc nilijua niko na haki."

Alijivunia hilo miaka yote, na simlaumu. Bila yeye vinyozi wangetundika kalenda tu.

Lakini ngumi za kichwa haziendi popote, zinakaa humo humo zinasubiri. Bingwa alipofika miaka hamsini na kitu alianza kupotea akitoka sokoni Flagey, mahali anapopajua kama kiganja chake. Kisha akaanza kupoteza miaka. Mwisho akatua kwenye siku moja, akagoma kutoka: kila siku kwake ikawa siku ya kuamkia kupimwa uzito.

Akaacha kula. Mkewe akileta sahani, anaisukuma taratibu. "Ondoa, Berthe. Kesho kuko pesée." Halafu anamtazama akitabasamu, anangoja asifiwe. Jamani, hilo tabasamu lilinitoa machozi mimi ambaye si ndugu wala jamaa.

Daktari alimpima: kilo hamsini na moja. Akasema akipungua mbili zaidi atawekewa mrija tumboni, na atahamishiwa nyumba ya wagonjwa.

"Muntu anakulaka na kinywa," Mama Berthe alisema tulipotoka. "Mume yangu atakulia kwake."

Alimdanganya kwamba amepanda daraja, sasa anatakiwa anenepe. Mukendi akala siku mbili. Siku ya tatu akauliza atapigana na nani. Mama Berthe akababaika, na mumewe, aliyesahau hata majina ya watoto wake, akamjua kuwa anaongopa. Sahani ikasukumwa.

Nami siku hiyo nilikuwa nimechoka, nimetoka kazini kuhudumia wazee wa watu tangu alfajiri. Nikamwambia, "Mama, si wewe mwenyewe uliyemfundisha?" Kweli ulimi hauna mfupa. Alikunja kitambaa cha vyombo, akakikunjua, akakikunja tena. Mpaka leo najuta.

Jumanne moja tulikuwa tunamwogesha, maji yakammwagikia Mama Berthe nguo yote. Nikamvalisha gauni langu la kazi, lile la bluu, akaenda na sahani vilevile. Mukendi alimtazama, akachungulia nyuma yake.

"Maman, muko muntu wa hospitali? Berthe eko wapi?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Mama Berthe akanizuia kwa mkono.

"Alienda ku soko ya Flagey," akasema.

"Bon. Munipe mbio. Musimuambie Berthe."

"Sitamuambia, papa."

Akala kwa mikono miwili, macho mlangoni. Alimaliza bukari, akamaliza sombe, akaomba maji. Alikunywa bilauri mbili bila kupumua, akafuta mdomo.

"Muko na roho muzuri, maman," akamwambia. "Bibi yangu Berthe, hapana."

"Aksanti, papa," Mama Berthe akajibu, akachukua sahani.

Sasa ana kilo hamsini na nne, na daktari hataji tena mrija. Kila adhuhuri Mama Berthe anavaa gauni langu na kumlisha mumewe. Nilimwambia niwe ninamlisha mimi, yeye abaki mke. Akakataa. Alisema Mukendi akilishwa humshika mkono anayemlisha, na Berthe hajashikwa mkono siku nyingi.

Jioni analivua gauni, anaingia chumbani kama Berthe. Mukendi anakaa wima kitandani, anamwambia kwa fahari, "Leo sikukula kitu."

"Ni muzuri, Mukendi yangu," anamjibu. Kisha anashuka kwangu, anakaa kwenye kiti cha jikoni, analia.