Friji Inayotafuna

Fundi Baridi, na hilo ni jina la mtaani, lake la kuzaliwa siku hizi analikumbuka mkewe tu, alifika nyumba ya mwisho ya siku hiyo akiburuta miguu kama magunia. Kazi ya friji ni kazi ya kupiga magoti. Mtu aliyepiga magoti ujana wake wote, tena si kwa ibada, thawabu yake ni maumivu.

"Hodi!"

"Karibu fundi. Pita tu, usijisumbue na viatu."

Mwenyeji alikuwa mama mjane, mgonjwa wa sukari. Nyuma yake alisimama mkamwana wake, ndiye aliyepiga simu.

"Inafanya nini?" Fundi akauliza. Huwa anaanzia hapo, maana friji ni kama mtoto mchanga, haisemi inapoumwa, husemewa na wenyewe. Ukiambiwa inakoroma, feni imeshika vumbi. Ukiambiwa inagonga, mashine imelegea kwenye raba zake.

"Inatafuna," mama akasema.

"Inatafuna?"

"Kama mtu anayekula karanga gizani."

"Ndiyo maana kila usiku anaizima apate usingizi!" mkamwana akadakia. "Na dawa yake ya sindano imo humo humo inapata joto. Juzi tumetupa chupa imeharibika. Mwambie wewe, fundi. Mimi nikisema, yanaingia sikio hili yanatokea lile."

"Sasa nilale vipi, mwanangu, na mtu anatafuna?"

Neno lile Fundi hakuwahi kulisikia likisemwa juu ya friji, akalitafsiri kwa uchovu wake: inatafuna, yaani inakula umeme, yaani mashine imezeeka. Na mashine ikifa, friji ni kabati.

Akaivuta, akapiga magoti, akafuta vumbi, akakaza nati, akatia kipande cha boksi chini ya mguu mmoja uliokuwa ukichechemea kama yeye. Akachomeka waya. Mashine ikanguruma vizuri. Kisha ikaanza: ta-ta-ta-ta.

"Si umesikia?" mama akasema, karibu kwa fahari.

Fundi alijiinua kwa kushika mlango wa friji, akailaza mikono juu ya friji, na paji la uso juu ya mikono. Kutafuna kukakoma.

"Umefanya nini hapo?" mkamwana akauliza.

"Sijafanya kitu, binti yangu. Nimechoka."

Alipojiinua, ta-ta-ta-ta. Ndipo akapapasa kule juu, nyuma ya chupa ya chai na mifuniko ya sufuria, akatoa glasi. Ndani yake mlikuwa na meno ya bandia, seti nzima, yanacheka.

"Ya marehemu," mama akasema polepole. "Aliyaweka pale siku tunampeleka hospitali. Yalikuwa kwenye maji."

Maji yalikuwa yamekauka zamani. Kila mashine ikitetemeka, meno yaligongana ndani ya glasi kavu.

Mkamwana akajiziba mdomo. "Baba mkwe! Hata huko aliko hajashiba!"

Mama alicheka, akacheka, mpaka kicheko kikalowa. "Kula kimya hakukuweza kamwe. Kumbe kila usiku nilikuwa namzima yeye."

Ufundi wa fundi ulikuwa umeishia kwenye nati.

Mama alikwenda bombani, akajaza glasi maji, akairudisha palepale. Hakuna aliyebisha. Friji ikanguruma peke yake. Mkamwana akaipanga dawa mlangoni mwa friji.

"Ngojeni ikate, iwake tena," fundi akasema. "Ndiyo tutajua." Akakaa kwenye kigoda, sikio likiielekea friji. Ilipokata, alikuwa amekwisha kulala, mdomo wazi, anakoroma. Ilipowaka tena, hakusikia.

"Tumwamshe, mama?"

"Mwache," mama akasema. "Wa kukoroma simzimi."